Kujenga kijiji cha Dalanam: nyumba, ukuta na wenyeji wa mchezo wa vita vya mezani

Wengi wanaoanza mchezo wa vita vya mezani hutengeneza mashujaa kwanza: mpanda farasi, mchawi mwenye fimbo, zimwi na rungu lake. Wakishawapanga juu ya meza tupu na kurusha dadu mara chache, mchezo unapooza, maana hakuna anayejua wanapigania nini. Mimi huanza na kijiji. Kijiji kikiwa na ghala, ng'ombe, chungu kilicho motoni na ajuza asiyetaka kuhama, vita vyenyewe vinajileta.

Kazi yangu ni kuchora mabango hapa Kondele, Kisumu. Mchana naandika majina ya vinyozi na hoteli kwenye kuta. Jioni mabaki ya rangi yanahamia kwenye meza ya plaiwudi nyumbani, ambako mpwa wangu na vijana wa ploti huja kucheza. Kijiji ninachoeleza hapa nimekiita Dalanam. Hakimo kwenye ramani yoyote, lakini karibu kila kilichomo nimekiazima mahali unapoweza kufika kwa matatu: ukuta Migori, mafunjo Dunga, mlima wa mawe Seme, na hadithi Kendu Bay.

Anza na daftari

Kabla hujagusa kisu, andika wenyeji. Watu kumi au kumi na wawili wanatosha. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu: anafanya kazi gani, analala wapi, na ngoma ya hatari ikilia anakimbilia wapi. Hilo la tatu ndilo linalozaa mchezo. Mhunzi atakimbilia mivuo yake, kwa sababu bila hiyo hana kitu. Binti anayechunga atakimbia kutoka nje ya lango, kwenye hatari yenyewe, kwa kuwa ng'ombe wako huko. Mfinyanzi hakimbii kabisa. Vyungu vyake vimo motoni na hajamaliza. Tayari una vita vitatu vidogo na bado hujakata hata boksi moja.

Mpwa wangu ana swali ambalo limegeuka sheria ya nyumba. Nikimaliza kibanda kipya, anainua paa, anachungulia, anauliza, "Mjomba, humu analala nani?" Kibanda kisicho na jibu hakipandi mezani.

Kwa upande wa maajabu, usiende mbali. Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukumwingia. Siri ya uhai wake ilikuwa kwenye kivuli. Hadithi hiyo moja inakupa ukoo mzima wa watu wa mawe. Nawachezesha hivi: tunazima taa ya dari na kuweka taa ya mezani upande mmoja. Mtu wa jiwe hadhuriki mpaka kitako cha adui, yaani kile kisahani ambacho kisanamu kimesimama juu yake, kiguse kivuli chake halisi kilicholala juu ya meza. Vijana wamejifunza kuwaficha nyuma ya nyumba ili vivuli vyao vipotee kwenye kivuli cha paa, jambo ambalo sikuwaambia.

Mleta mvua wangu ametoka Bunyore, ambako ukoo wa Nganyi unajulikana mpaka leo kwa elimu ya mvua. Ana chungu kimoja, na mara moja katika mchezo anaweza kuita mvua. Raundi hiyo mishale yote hufika nusu ya masafa yake. Chatu pia yumo. Kule Nyakach chatu aitwaye Omieri aliheshimiwa kwa kuaminiwa kwamba anakuja na mvua na mavuno, kwa hiyo Dalanam anayemjeruhi chatu anapoteza ghala, hata kama ndiye anayeshinda.

Ninaowapenda zaidi ni watu-kamongo. Kamongo, samaki wa kwenye vinamasi vya ziwa, ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujichimbia kwenye tope, hujifunika kwa ute unaokauka na kuwa ganda, na hungoja humo miezi mpaka maji yarudi. Basi watu-kamongo hawapangwi mezani mwanzoni mwa mchezo. Naweka vipande sita vya tope lililopasuka, vinne kati yake vina alama upande wa chini. Atakayekanyaga atajua. Na mleta mvua akiita mvua, wote wanaamka kwa pamoja, wawe upande wako au wasiwe.

Vipimo

Visanamu vya mchezo huu mara nyingi ni vya milimita 28, kutoka nyayo mpaka machoni. Hiyo ni kama skeli ya 1 kwa 56. Chukua kipimo halisi, gawanya kwa 56: nyumba ya duara yenye upana wa mita 5 inakuwa sentimita 9. Ila usifuate hesabu kipofu. Kisanamu kinasimama juu ya kitako, na kitako kinamwongezea kimo, kwa hiyo mlango wa haki kihesabu utaonekana wa banda la kuku. Mimi hukata mlango wa sentimita 3.8 na ukuta wa sentimita 5. Ghala na vyungu viache kwenye kipimo chake.

Kwa vitako tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, upana wake ni kama milimita 30. Jaza filla ya ukuta ndani, sawazisha, ngoja ikauke. Uzito huo wa chini unazuia kisanamu kuanguka mtu akigonga meza. Vifuniko vya bati vya soda navyo vinafaa, lakini yale meno ya pembeni yanakwaruza rangi ya wenzake kwenye boksi.

Ukuta

Ukuta ndio uliofanya watu waulize Dalanam ni wapi. Nimeuiga kutoka Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, mahali palipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake ni za takriban karne ya 16, zimepangwa kwa mawe yasiyochongwa, bila udongo wala saruji. Urefu wa kwenda juu ni kati ya mita 1.5 na 4.5, unene mita 1 hadi 3. Zimesimama muda wote huo kwa ufundi wa kupanga: safu ya nje, safu ya ndani, na ya katikati inayozishikamanisha. Milango ni mifupi makusudi. Anayeingia lazima ainame, na aliyeinama hana nguvu mbele ya walinzi waliokaa pembeni ndani.

Kwenye skeli yetu fanya ukuta wa sentimita 5 hadi 6 kwenda juu, unene sentimita 3 chini na 2 juu. Kiini ni stairofomu nyeupe. Hapa Kisumu tunaipata kwenye maboksi mabovu ya kusafirishia samaki. Yaoshe kwa sabuni na uyaanike siku nzima, vinginevyo paka wa ploti watakuwa wachezaji wako wa kwanza. Kata kwa kisu chenye makali mapya, kile cha wembe unaovunjwa vipande, na uvute taratibu. Wembe butu unang'oa zile punje badala ya kukata. Wapo wanaokata kwa waya wa moto. Moshi wake ni sumu, ufanyie nje kwenye upepo au uache.

Usikate ukuta mmoja mrefu. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, vyote vikiwa na mpindo kidogo, maana ukuta wa Ohinga unazunguka boma. Vipande vinakupa ruhusa ya kubadili umbo la kijiji kila wiki.

Mawe yenyewe ni trei za mayai, zile za karatasi. Mama anayeuza mayai pale stejini alizoea kunipa zilizovunjika, mpaka siku moja akashindwa kuvumilia: "Fundi, hao kuku wako watataga lini?" Chana trei kwa vidole, usikate kwa makasi, kwa sababu ukingo uliochanika ndio unaofanana na jiwe. Vipande viwe vya ukubwa tofauti, kutoka punje ya mahindi hadi ukucha wa kidole gumba. Paka gundi nyeupe ya mbao ukutani, bandika jiwe, bonyeza kingo zake zirudi ndani. Epuka mistari. Ukiona umeanza kupanga tofali juu ya tofali, ng'oa hiyo safu. Jiwe la juu likae juu ya mpaka wa mawe mawili ya chini, na nafasi ndogo zijazwe vipande vidogo. Juu kabisa mwaga kokoto halisi kidogo kwenye gundi, ionekane mawe mengine yamelegea.

Ukimaliza, changanya gundi na maji nusu kwa nusu, paka ukuta wote, na uhakikishe hakuna stairofomu iliyobaki wazi. Hili ni la lazima. Rangi ya kupuliza na thina huyeyusha stairofomu, na shimo litakalotokea halizibiki. Juu ya gundi paka emulsheni ya kijivu cheusi. Kisha chukua brashi kuukuu, chovya kwenye kijivu chepesi, ifute kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu, na ipitishe juu juu ya mawe. Rudia kwa kijivu chenye njano kidogo. Vile vidoa vyeupe vya kuvu kwenye mawe ya kale navifanya kwa kijiti cha meno.

Lango lifanye la sentimita 2.5 tu. Kisanamu hakipiti kwa mwili wake, kinapita kwa sheria: mmoja mmoja, na anayepita anapoteza nusu ya mwendo wake. Jeshi la ishirini litakaa pale nje likisukumana wakati wazee wawili wenye mikuki wanalizuia.

Nyumba

Ukuta wa nyumba ni boksi la katoni. Kata ukanda wa sentimita 29.5 kwa 5, ile mifereji ya ndani ikiwa imesimama wima, ndipo utakunja duara bila kuvunjika. Sentimita 1 ya mwisho ni ya kupandanisha. Duara linalotoka lina upana wa sentimita 9. Kata mlango kabla ya kukunja.

Paa ndilo linalowashinda wengi, wakati hesabu yake ni moja tu. Kwa paa lenye mteremko wa nyuzi 45, chukua nusu ya upana wa paa, zidisha kwa 1.41, chora duara la nusu-kipenyo hicho, halafu toa pembe ya nyuzi 105. Pembe hiyo haibadiliki, nyumba iwe ya mzee au banda la mbuzi. Nyumba yetu ya sentimita 9, pamoja na upenu wa sentimita 1 kila upande, ina paa la 11. Nusu yake ni 5.5, mara 1.41 ni 7.8 hivi. Chora duara hilo kwenye katoni nyembamba ya nafaka, kata nyuzi 100 badala ya 105 ili ubakiwe na ulimi wa gundi, kunja, bandika.

Nyasi ni kamba ya katani. Ifumue, ikate vipande vya sentimita 3, iloweke kwenye chai ya rangi iliyolala, ianike. Bandika kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika iliyotangulia na kuacha sentimita 1. Chana kwa mswaki mkuukuu kabla gundi haijashika. Ikikauka, punguza upenu kwa makasi, usiache nyasi zining'inie zaidi ya nusu sentimita, maana zitaficha mlango. Usipake mapaa yote rangi moja. Katika boma la kweli hukosi paa moja lililoezekwa msimu huu, bado la dhahabu, na mengine yamekwisha kuwa majivu. Moja lipake kijani kidogo upande usiopata jua.

Ukuta wa udongo upake kwa udongo. Chekecha ule mwekundu wa kule juu, Kakamega, ukaange kwenye sufuria kavu kuua wadudu (sufuria hiyo isirudi jikoni), uchanganye na gundi na filla kidogo, upake kwa kidole. Alama za kidole ndizo alama za mikono ya mwenye nyumba. Udongo mweusi wa Kano ninautunza kwa kazi nyingine. Ukilowa hufura, ukikauka hupasuka vipande vipande wenyewe, na hapo ndipo yanapotoka yale matope ya watu-kamongo. Mwaga uji wake mzito kwenye kadibodi, weka juani, rudi jioni. Kisha uloweshe kwa gundi iliyozimuliwa ili vipande visitoke.

Paa lisibandikwe kwenye ukuta. Linyanyuke, ili visanamu viingie ndani na mtu ajue nani amejificha wapi.

Kwenye kilele cha nyumba ya mwenye boma chomeka kijiti cha meno kilichochongwa. Waluo huita osuri, na huondolewa mwenye boma akifa. Mezani kazi yake ni hiyohiyo: kisanamu cha mzee kikianguka, kijiti kinang'olewa, na kuanzia hapo kila mwanakijiji anajitegemea, hakuna tena amri moja. Hakuna haja ya kuandika chochote pembeni; kila mchezaji anaona.

Mpangilio wa nyumba fuata boma lenyewe. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inakaa ndani kabisa ikitazama lango. Nyumba za wake wengine ziko pande zake, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango. Kwa hiyo adui anakutana na vijana kwanza, na mzee anapata muda wa kuvaa. Ukitaka kuona kwa macho, nenda Makumbusho ya Kisumu; wana boma zima la Kiluo linaloitwa Ber-gi-dala. Nenda na rula, na uinamie maghala utazame yalivyosukwa, kwa sababu ghala zuri la mchezo ni kikapu kidogo chenye kofia. Mimi huyasuka kwa nyuzi za katani kwenye kifuniko cha dawa.

Maji, miti na mlima

Watu wanapaka ziwa buluu. Sijui hiyo buluu waliiona wapi. Ghuba ya Winam ni kijani chenye kahawia, na karibu na ukingo ni kahawia tupu. Paka ubao kijani cheusi katikati, kahawia pembeni, halafu vanishi ya maji tabaka nne au tano, kila moja ikauke. Gugumaji ni vikaratasi vya kijani kutoka kwenye mashine ya kutoboa, vimekunjwa kidogo na kurundikwa.

Mafunjo yanatoka kwenye uzi wa katani pia. Paka uzi gundi ukauke ukiwa umenyooka, kata sentimita 7 hadi 9, kwa kuwa funjo halisi hufika mita 4 na zaidi, kisha fumua milimita 8 za juu zitawanyike. Paka kijani. Yachomeke kwa wingi. Mafunjo machache ni aibu.

Uzio wa mnyaa fanya kwa nyaya nyembamba za kijani zilizomo ndani ya kebo ya simu, ukizisokota mafungu mafungu. Miti ni waya wa shaba uliosokotwa na majani ya godoro la sponji lililokatwakatwa na kukorogwa kwenye rangi. Mlima wa mawe nimeuiga Kit Mikayi kule Seme: mabonge makubwa ya stairofomu yaliyopangwa moja juu ya jingine, na pango chini yake la kuwaficha watoto.

Wenyeji

Visanamu vya kununua vipo, lakini vingi vimezaliwa kupigana. Ukitafuta mwanamke anayesaga wimbi au mzee anayeshona nyavu utatafuta sana. Wenyeji watengeneze.

Mifupa ni waya wa milimita 1. Kunja kipande cha sentimita 10 katikati, sokota kitanzi kidogo cha kichwa, shuka na shingo na kiwiliwili, tenganisha miguu. Kipande kingine kinapita mabegani kuwa mikono. Nyonga iwe katikati ya kimo chote. Hapo, mifupa ikiwa mitupu, ndipo unapompa mtu kazi yake: mpinde mgongo anayesaga, mnyooshe anayebeba mtungi, mweke mvuvi mguu mmoja mbele. Mkao ukikosewa kwenye waya, hakuna nguo itakayouficha.

Nyama ni epoksi ya kukanda ya mafundi wa mabomba, ile yenye sehemu mbili. Changanya sawa kwa sawa, vaa glavu kwa sababu ikiwa mbichi inaweza kukuletea mzio wa ngozi, na ungoje ipungue kunata. Siku ya kwanza weka nyama nyembamba tu kwenye mifupa, iache ilale. Siku ya pili misuli na uso, ya tatu nguo. Anayetaka kumaliza yote kwa kikao kimoja atabonyeza goti akitengeneza bega. Zana zangu ni sindano, kijiti cha meno na njiti ya kiberiti, zote zikilowekwa maji kila mara.

Vichwa vinachosha, kwa hiyo tengeneza vitatu vizuri, cha kijana, cha mama na cha mzee, kisha uvipigie kalibu. Chukua silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki, ikamulie kwenye beseni la maji yenye sabuni nyingi ya vyombo, ikande humo kwa mikono iliyolowa mpaka iwe kama unga wa chapati, halafu ibonyeze juu ya kichwa. Baada ya saa chache itoe. Sasa unabonyeza epoksi ndani ya kalibu na vichwa vinatoka mfululizo. Geuza shingo, ongeza kilemba au ndevu, na hakuna atakayejua kuwa ni ndugu.

Watu wa mawe wanachongwa kwa jiwe lenyewe, mabaki ya jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii. Ni laini, kisu na sandpepa vinatosha. Lakini miguu myembamba inavunjika, kwa hiyo wachonge wameketi au wamevaa ngozi ndefu mpaka chini. Sugua jiwe likiwa limelowa, maana vumbi lake si la kuvutwa. Viboko na ng'ombe vinunue Kibuye, kwenye mafungu ya vinyago vya plastiki vya watoto. Futa kung'aa kwa sandpepa na uvipake upya. Kiboko akiwekewa tandiko la gunia anakuwa farasi wa watu-kamongo.

Rangi

Hapa nitasema kama fundi. Emulsheni ya nyumba inafaa kwa kuta, ardhi na mapaa. Kwa sura za watu ni nzito mno. Hata ukiichuja kwa soksi ya nailoni bado itafunika macho. Nunua tyubu za akriliki kwenye duka la vifaa vya shule: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo, njano ya udongo, buluu. Hizo tano zinapaka kijiji kizima.

Ngozi yetu haipakwi kwa kahawia na nyeupe. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata mwanga wa paji la uso, unapata mtu aliyepauka, aliyesahau mafuta asubuhi. Anza na nyekundu ya udongo pamoja na nyeusi. Kwenye mwanga ongeza njano ya udongo, na tone la nyekundu kwa mashavu. Kwenye vivuli, chini ya kidevu na kwapani, ongeza buluu badala ya nyeusi. Changanya upya kwa kila watu wawili watatu, kwa sababu hakuna kijiji chenye rangi moja ya ngozi. Mwisho paka vanishi inayong'aa kidogo sana kwenye paji, pua na mabega tu, na nguo uziache bila kung'aa.

Usichore mboni. Macho ya milimita 1 yakichorwa sana yanakuwa ya mtu aliyeshtuka. Mstari mweusi, nukta mbili za rangi ya maziwa ya mtindi, basi. Mtu anatazamwa akiwa mbali na jicho kwa urefu wa mkono, na kwa umbali huo kinachosomeka ni mkao na rangi ya nguo. Kila boma lipe rangi yake moja, shanga au ukingo wa ngozi, ili mchezaji ajue nani ni wa nani bila kuuliza.

Kuwapanga na kuwachezesha

Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4. Ikatwe katikati upate meza mbili za mita 1.2 kila upande. Kati ya nyumba na nyumba acha angalau sentimita 6, vitako viwili vipishane. Kisha piga magoti macho yawe sawa na meza, utazame kutoka pembe zote. Ukiweza kuona moja kwa moja kutoka lango hadi nyumba ya mikayi, sogeza ghala lizibe. Wapiga mishale wakipewa njia ndefu mchezo unakwisha bila mtu kuingia kijijini.

Mchezo ninaoupendekeza wa kwanza hauna jeshi la kuvamia. Umetoka kwenye hadithi ya Simbi Nyaima, lile ziwa la chumvi karibu na Kendu Bay: ajuza mgeni alifika kijijini kwenye karamu, akafukuzwa, mwanamke mmoja akamhurumia, na usiku huo maji yakakimeza kijiji. Wachezaji wote wawili ni wa Dalanam, kila mmoja na boma lake. Maji yanaanzia ukingo mmoja wa meza na kupanda sentimita 10 kila raundi. Tumia vipande vya kitambaa cha kahawia. Nje kuna njia moja tu, lile lango fupi, mmoja mmoja. Kila mtu anayetoka ni pointi moja, ng'ombe pointi mbili, mbegu za ghalani pointi tatu, na ajuza, ambaye hutembea sentimita 5 tu kwa raundi, pointi sita. Ugomvi wa langoni mtaumaliza wenyewe.

Kuhifadhi

Nyumba zipange mapaa yakiwa yametolewa, moja ndani ya nyingine ukizikata kwa ukubwa unaopishana. Ukuta uufunge kwa gazeti. Visanamu vibandike sumaku ndogo chini ya kitako, zile za spika mbovu zikivunjwa vipande zinafaa, na viweke kwenye bati la biskuti; hata ukipanda boda mpaka Mamboleo havitagongana. Mende na panya huingia popote, kwa hiyo funga kila boksi kwa utepe wa gundi, na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba hamna chakula.